Maajabu Yaliyo Mlangoni Petu



Leo nataka kuwaelezeni juu ya jambo ambalo walimu hulinung'unikia na wanafunzi huliogopa, nalo ni utungaji. Mwalimu huandika ubaoni, "Tungeni insha juu ya ng'ombe." Watoto arobaini huinamisha vichwa, na baada ya nusu saa mwalimu hukusanya insha arobaini, na zote ni moja: "Ng'ombe ni mnyama wa kufugwa. Ana miguu minne, macho mawili, pembe mbili na mkia mmoja. Hutupa maziwa na nyama. Ngozi yake hufanywa viatu."

Hapana neno moja la uwongo katika insha hiyo. Walakini katika watoto wale yumo mmoja ambaye alfajiri ya siku ile ile alimshika ndama huku mama yake akikama. Yumo mwingine ajuaye ni ng'ombe gani wa baba yake akataaye kuvuka mto mpaka atangulie mwenziwe fulani. Yumo wa tatu aliyekesha usiku kucha na taa mkononi, kwa kuwa ng'ombe wao alishindwa kuzaa. Hayo yote hayakuandikwa. Mtoto aliyaacha nje ya mlango wa shule, kama aachavyo fimbo yake ya kuchungia.

Kwa nini ameyaacha? Sababu ni kwamba hapana mtu aliyemwambia ya kuwa mambo yale yafaa kuandikwa. Yeye adhani kitabu ni mahali pa wafalme, na theluji, na merikebu kubwa za moshi. Mambo ya zizini na ya jikoni ni mambo tu. Na hasara yake si ya alama za mtihani peke yake. Mtoto aliyefundishwa hivi miaka mingi hutoka shuleni akidhani ya kuwa elimu ni kitu kikaacho mbali, na ya kuwa mama yake, ambaye amemlea kwa maarifa ya mvua na mbegu na moto, hajui kitu. Amejifunza kusoma, kisha aidharau nyumba iliyomtuma kusoma. Hasara hiyo ni kubwa, nami nataka tuone jinsi iwezavyo kuzuiwa kwa daftari moja na kalamu moja ya risasi.

Wazee wetu walisema, "Penye miti hapana wajenzi." Maana yake ni kwamba mtu huacha kukitumia kitu kilicho karibu naye sana. Jicho letu ndivyo lilivyo. Kitu likionacho kila siku, huacha kukitazama. Jambo hilo si ubaya wote, maana kama tungestaajabia kila jani na kila jiwe, hapana ambaye angefika shambani kabla ya adhuhuri. Lakini mtu atakaye kuandika, au atakaye kufundisha, hana budi kulifungua jicho lake kwa saa maalumu. Na kitu kilifunguacho upesi kuliko vyote ni kalamu. Jaribuni wenyewe. Andika jinsi mama yako afungavyo kanga yake. Umemwona akifunga mara elfu, lakini mara utasimama na kalamu mkononi, maana hujui ni pindo lipi lijalo juu, la kulia au la kushoto. Itakubidi kwenda kutazama. Basi hapo ndipo elimu ilipoanza.

Nitawapeni mfano wa mtu mmoja wa Uingereza, jina lake Gilbert White. Alizaliwa mwaka 1720 katika kijiji cha Selborne, akafa huko huko mwaka 1793. Alikuwa kasisi, wala hakusafiri nchi za mbali. Tangu mwaka 1768 mpaka kufa kwake aliandika katika daftari habari ndogo ndogo za kijiji chake: mvua na upepo, ua lililochanua, siku ya kwanza ya kuonekana mbayuwayu, hata uzani wa kobe aliyekaa katika bustani yake. Kobe huyo aliitwa Timothy, jina la kiume, na watu wote walimdhani dume. Ni baada ya kufa kwake ndipo ilipojulikana ya kuwa ni jike. Kadhalika palikuwa na vindege vitatu vidogo vilivyofanana sana. White akavisikiliza miituni, akatambua kwa sauti zao ya kuwa ni aina tatu mbalimbali. Mwaka 1789 barua zake zilichapwa kuwa kitabu, na kitabu hicho kingali chasomwa hata leo.

Palikuwa na swali moja lililomsumbua maisha yake yote: mbayuwayu huenda wapi wakati wa baridi? Alijua ya kuwa ndege wengine husafiri, lakini alifikiri labda baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni au kando ya maji, wakalala mpaka joto lirudi. Alilolijua aliliandika kama habari, na asilolijua aliliandika kama swali. Tabia hiyo ni njema kabisa.

Jibu lilikuja kidogo kidogo. Mwezi wa Mei mwaka 1911, Bwana John Masefield wa Staffordshire, Uingereza, alimvika mbayuwayu mmoja pete nyepesi yenye namba mguuni. Ndege yule alikuwa na kiota barazani pa nyumba yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 mbayuwayu yule yule alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika ya Kusini, na pete yake ingali mguuni. Hivyo ndivyo watu walivyopata ushahidi kwamba mbayuwayu wa Uingereza huvuka Bara la Afrika mpaka ncha yake ya kusini.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu. Mbayuwayu wa Ulaya huonekana hapa Afrika ya Mashariki kila mwaka, tangu karibu mwezi wa Septemba mpaka mwezi wa Aprili. Mmewaona wamejipanga juu ya nyaya za simu kama shanga katika uzi. Basi siku zile White alipokuwa akiuliza, nusu ya jibu lake ilikuwa ikiruka juu ya vichwa vya babu zetu. Mtoto mchunga mbuzi wa siku zile, kama angaliulizwa, angaliweza kusema ni majira gani wajapo na majira gani watowekapo. Lakini swali lilikuwa Selborne, na jibu lilikuwa malishoni, na katikati yake hapakuwa na daftari. Nani ajuaye ni majibu mangapi yaliyomo machoni mwa watoto wetu leo?

Katika waliokipenda kitabu cha White alikuwamo kijana mmoja, Charles Darwin, ambaye baadaye alikuwa mtaalamu mkubwa. Yeye alimtazama nyungunyungu, yule ambaye sisi humchimba tukamfanya chambo cha kuvulia samaki. Mwaka 1842 Darwin alitandaza vipande vya chaki juu ya konde karibu na nyumba yake katika wilaya ya Kent. Akangoja miaka 29. Mwaka 1871 alichimba handaki mahali pale, akaiona ile chaki kama mstari mweupe, inchi 7 chini ya ardhi. Nani aliyeizika? Ni nyungunyungu, ambao hula udongo wa chini na kuutoa juu, kidogo kidogo, usiku hata usiku. Darwin aliwaweka wengine chunguni nyumbani mwake, akajaribu kama wasikia: mwanawe aliwapigia zumari, nao hawakushtuka, lakini vyungu vilipowekwa juu ya kinanda na kinanda kikapigwa, waliona mtetemo wakaingia mashimoni mwao mara moja. Kitabu chake juu ya nyungunyungu kilitoka mwaka 1881, naye akafa mwaka uliofuata. Mtu ambaye sifa zake zilienea dunia nzima hakuona haya kumaliza kazi yake kwa kuandika juu ya chambo cha samaki. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Na turudi sasa nyumbani kwetu, tutwae kitu kimoja, nacho ni mtungi wa maji. Mwalimu na afanye hivi. Alete mtungi wa udongo na debe la bati, avijaze asubuhi maji ya kisima kimoja, aviweke kivulini mahali penye upepo. Asiseme neno. Adhuhuri awaite watoto watie mikono, mmoja mmoja, katika mtungi na katika debe. Kila mmoja ataona ya kuwa maji ya mtungini ni baridi zaidi. Tangu walipozaliwa wamekunywa maji ya mtungi, lakini ni siku hiyo tu watakapouliza, "Mbona hivi?"

Sababu yake ni hii. Udongo uliofinyangwa na kuchomwa una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo, yakafika nje, na mtungi ukawa kama utokao jasho. Ushike utaona unyevu. Unyevu ule hugeuka mvuke na kuchukuliwa na upepo. Lakini maji hayawezi kugeuka mvuke bila kupata joto, na joto hilo huchukuliwa katika mtungi wenyewe na katika maji yaliyobaki ndani. Joto likiondoka, baridi hubaki. Debe halina vitundu, halitoki jasho, basi halipozi. Tena mtoto ataelewa mambo mengine yaliyo ndugu za jambo hilo: kwa nini mtu mwenye jasho huona baridi upepo uvumapo, kwa nini mtungi mkuukuu, ambao vitundu vyake vimezibwa, hupoza vibaya kuliko mpya, na kwa nini siku za masika, hewa ijaapo unyevu, mtungi hauna nguvu yake ya kiangazi.

Kisha mwalimu na awatume nyumbani na maswali, si na majibu. Udongo wa mtungi huchimbwa wapi, na kwa nini pale wala si pengine? Huchanganywa na nini? Katika mahali pengi wafinyanzi hutia mchanga, au vigae vilivyopondwa, ili chombo kisipasuke motoni. Kwa nini hukaushwa polepole kivulini kabla ya kuchomwa? Watoto hawana budi kuwauliza mama zao na bibi zao. Hapo jambo kubwa litatokea: bibi ambaye hajapata kushika kalamu atakuwa mwalimu wa jioni ile, na mtoto atakaa miguuni pake akiandika. Ninyi mnajua nyumba zilivyo. Jioni kama hiyo haisahauliki upesi.

Asubuhi yake, insha zitakazoletwa hazitafanana. Mmoja ataandika, "Mtungi wetu una ufa mdogo uliozibwa. Baba alisema ununuliwe mwingine, mama akakataa, maana huu alipewa na mama yake siku ya arusi." Tazameni: mtoto huyo hakutumia neno kubwa hata moja, lakini nyumba nzima imo katika maneno yake. Mwalimu na aisome mbele ya darasa, wala asitangulie kusahihisha. Makosa ya herufi yatangoja. Moyo wa mtoto, ukivunjika, ni kazi kuuziba.

Tena msidhani ya kuwa katika vyungu hutoka elimu tu. Zimetoka na nyimbo. Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi. Katika ujana wake alichukua vyungu akavitembeza, naye alitangaza bidhaa yake kwa sauti iliyowafanya watu wasimame wasikilize. Sauti ile ya kuuzia vyungu ndiyo iliyokuwa mwanzo wa sifa zake. Alijifunza uimbaji mjini, na mwaka 1928 alikwenda Bombay, na nyimbo zake za Kiswahili zikatiwa katika sahani za santuri. Mambo aliyoyaimba hayakuwa ya mbali. Mengi yalikuwa habari za mji wake, kesi zilizohukumiwa, uonevu na mahaba, mambo yaliyokuwa yakisemwa mabarazani. Alikufa mwaka 1950, na Shaaban Robert, mtunzi mashuhuri aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, aliandika habari za maisha yake.

Mfano mwingine ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Huko alikuwa mbali na kwao, na mambo aliyoyazoea yakaonekana wazi mbele yake, kama mlima uonekanavyo vizuri na mtu aliye mbali nao. Akaandika jinsi mtoto azaliwavyo na kupewa jina, jinsi arusi ifanywavyo, ngoma zichezwavyo, na watu wasafirivyo barani. Maandiko hayo yakawa sehemu kubwa ya kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Siku zile kila mtu wa Bagamoyo alizijua habari hizo, na kwa sababu hiyo wengi wangalisema hazina haja ya kuandikwa. Leo wale waliozijua hawapo hata mmoja, na nyingi katika desturi zile zimebadilika au zimekufa. Mjukuu wa kitukuu atakaye kujua watu wa pwani waliishije, hana budi kukifungua kitabu hicho. Basi jambo la kila siku ni jambo la siku zake tu; likiisha kupita bila kuandikwa, halipatikani kwa fedha.

Huenda msomaji akasema, "Hao walikuwa na kipaji, mimi sina." Na amtazame ndege mnana. Ninyi mmeviona viota vyake vikining'inia katika minazi na miti ya kando ya maji. Afumaye ni dume. Huchana ukanda wa jani, hufunga fundo la kwanza katika kitawi, kisha hufanya pete, akasimama ndani yake na kufuma chumba mbele yake mpaka kitimie. Ndipo ajiningʼinizapo chini ya kiota akapiga mabawa, ili jike aje kukagua. Jike huingia, akachungua. Akikipenda hukitandika ndani kwa majani laini na manyoya, na asipokipenda huenda zake. Kiota kikikataliwa muda wa siku kadha wa kadha, dume hukibomoa mwenyewe, akaanza tena. Wataalamu waliowafuga ndege hao wameona ya kuwa dume mchanga hafumi vizuri mara ya kwanza: kazi yake hulegea na majani hudondoka, wala hafikii ustadi mpaka ajizoeze sana. Ikiwa ndege aliyeumbwa mfumaji hubomoa na kufuma tena, mbona mtu aone haya kuifuta sentensi moja?

Sasa nitawapeni njia ya kuanza, nanyi mtaona si ngumu.

Kwanza, pateni daftari ndogo, na kila habari iandikeni siku, mwezi na mwaka, na mahali. Habari isiyo na siku ni kama barua isiyo na jina.

Pili, andikeni kitu kimoja tu kila siku, mistari mitatu au minne. "Haba na haba hujaza kibaba." Anayetaka kuandika kurasa kumi siku ya kwanza, siku ya tatu daftari yake imekwisha kuwa ya kuwashia moto.

Tatu, andikeni mlichokiona na kukisikia, msiandike kile mnachodhani mwalimu atakipenda. Usiseme, "Siafu ni wadudu wenye bidii." Sema walitoka wapi, walipita upande gani wa nyumba, na kuku walifanyaje.

Nne, kila siku ongezeni swali moja ambalo jibu lake hamlijui, kisha mtafuteni wa kumwuliza. Kuuliza si ujinga.

Tano, daftari hii isiwe ya kusengenya. Siri za jirani si mali yetu. Mtu akikupa maarifa yake, liandike jina lake kwa heshima, naye umsomee ulichokiandika, apate kukusahihisha.

Na ninyi walimu wenzangu, msiwaambie watoto waandike nanyi mmekaa tu. Mwalimu na awe na daftari yake, na siku ya Ijumaa awasomee kidogo. Wakiona ya kuwa mwalimu naye amestaajabu kwa jambo la barazani pake, watajua ya kuwa kustaajabu si utoto. Tena darasa lote lawezekana kuwa na daftari moja ya pamoja: siku mvua ilipoanza, siku mwembe ulipochanua, siku mbayuwayu walipofika na siku walipoondoka. Ikitunzwa miaka kumi, daftari hiyo itawafaa wakulima wa kijiji, tena itakuwa kitabu ambacho hakipatikani katika duka lo lote duniani.

Kwa wale wasiojua kuandika, nao nina neno. Kila nyumba sasa ina mtoto anayejua. Mwiteni jioni, mwambieni, "Chukua kalamu, nikwambie jinsi tulivyokuwa tukipanda mtama." Mtamfanyia jambo jema yeye, na wale watakaokuja baada yake.

Basi kazi yenu ya kesho ni ndogo. Mtakapoamka, kabla hamjatoka kwenda shambani au shuleni, simameni mlangoni kwa muda wa kuhesabu mia, mtazame uwanja wenu kana kwamba mmefika jana. Chagueni kitu kimoja mkiandike. Nanyi mlio na mtungi na debe, fanyeni lile jaribio la maji, mkaandike siku ile ilikuwa ya upepo au ya unyevu.